Tom Tykwer: Mwanagenzi aliyenyimwa shule akawa mwalimu wa wengine

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne yatangazwapo, nchi yetu hugawanyika mara mbili. Upande mmoja huwa ni shangwe, nderemo na watoto kubebwa mabegani. Upande wa pili huwa ni kimya, na katika kimya hicho wamo vijana wengi wanaoanza kuamini kwamba maisha yao yamekwisha kabla hayajaanza. Wazazi huwalaumu walimu, walimu huwalaumu wanafunzi, na wanafunzi hujilaumu wenyewe. Ni nadra mtu kusimama na kuuliza swali lililo muhimu zaidi: je, mlango wa chuo ukifungwa, elimu nayo hufungiwa ndani?

Makala haya yanamhusu mtu ambaye maisha yake ni jibu mojawapo la swali hilo. Jina lake ni Tom Tykwer, mwelekezi wa filamu na tamthilia za runinga kutoka Ujerumani. Huenda jina lenyewe ni geni masikioni mwa wasomaji wengi, lakini kazi ya mikono yake si ngeni kwetu. Aliyewahi kutazama Nairobi Half Life au Supa Modo amekula tunda la mti ambao Tykwer ni mmoja wa walioupanda. Kwa sababu hiyo, kumjadili yeye si kuzungumzia mambo ya ughaibuni tu. Ni kujadili pia jinsi sanaa inavyofunzwa, nani huifunza, na nani anastahili kugharamia mafunzo hayo.

Utoto wa kamera na kiza cha sinema

Tykwer alizaliwa tarehe 23 Mei 1965 katika mji wa Wuppertal, magharibi mwa Ujerumani, mji wa viwanda ambao sifa yake kuu ni garimoshi linaloning'inia kwenye reli iliyojengwa juu ya mto. Alipofika umri wa miaka 11 alikuwa tayari anapiga filamu zake ndogondogo kwa kamera ya kanda nyembamba za milimita 8. Alipokuwa barobaro alijitolea kusaidia kazi katika jumba la sinema la mjini kwao, na ujira alioutafuta haukuwa fedha. Alitaka kupenya ndani akatazame filamu, zikiwemo zile ambazo umri wake haukumruhusu kukata tikiti.

Alipomaliza masomo ya sekondari alituma maombi katika vyuo kadhaa vya filamu barani Ulaya. Hakupata nafasi. Hapa ndipo wengi wetu hukunja jamvi. Kijana huyu alifunga virago akahamia Berlin, akaajiriwa kuwa mwendesha mtambo wa kuonyeshea sinema, yaani yule mtu asiyeonekana anayekaa katika kijichumba nyuma ya watazamaji na kuhakikisha kwamba kanda inazunguka bila kukatika. Mwaka 1987, akiwa na miaka 22, alikabidhiwa jukumu la kuchagua filamu za kuonyeshwa katika jumba la Moviemento, mtaani Kreuzberg.

Msomaji asiidharau kazi hiyo. Mtazamaji wa kawaida huiona filamu mara moja akaenda zake nyumbani. Mwendesha mtambo huiona hiyo hiyo usiku baada ya usiku, hata akajua ni sekunde ipi watu hucheka, ni wapi hushusha pumzi, na ni wapi huanza kujikuna na kutazama saa. Huo ni uhakiki wa fasihi unaofanywa kwa macho na masikio. Mwanafunzi wetu anayekariri muhtasari wa kitabu cha kutahiniwa bila kukifungua kitabu chenyewe hajafika hata nusu ya bidii hiyo. Tykwer alinyimwa darasa, naye akakifanya kijichumba cha giza kuwa darasa lake.

Andika ukijuacho

Katika siku hizo za Berlin alifahamiana na Rosa von Praunheim, mwelekezi aliyemtangulia kwa umri na tajriba. Ushauri aliopewa ulikuwa mwepesi kusema na mgumu kutenda: atafute hadithi katika maisha yake mwenyewe, hata katika ugomvi wake na mpenzi wake. Kutokana na ushauri huo ilizaliwa filamu fupi iitwayo Because, mwaka 1990, iliyopokewa vyema katika tamasha la filamu la mji wa Hof. Filamu fupi ya pili, Epilog, ilitoka mwaka 1992 na kumwachia madeni, lakini pia ilimwachia ujuzi wa kiufundi ambao hapo awali hakuwa nao.

Walimu wa insha wanaujua vizuri uzito wa ushauri huo. Mwanafunzi akiambiwa aandike kisa cha kusisimua, mara nyingi hukimbilia ajali ya ndege ambayo hajawahi kuipanda, au majambazi wenye bunduki ambazo hajawahi kuziona. Huku nyuma ameacha safari ya kila asubuhi kwenda kisimani, ugomvi wa shangazi na mjomba kuhusu kipande cha ardhi, na ndugu aliyekwenda mjini asirudi. Hadithi iliyo karibu nasi hatuioni, kama vile jicho lisivyoiona kope yake.

Filamu yake ndefu ya kwanza, Die tödliche Maria, ilitoka mwaka 1993. Inamhusu mke wa nyumbani aliyebanwa kati ya baba mgonjwa asiye na huruma na mume asiye na hisia. Haikuwa filamu ya kumtajirisha mtu, lakini ilitosha kuwaonyesha wenye macho kwamba kijana huyu alikuwa na lake la kusema.

Mwaka uliofuata, 1994, Tykwer aliungana na Stefan Arndt pamoja na waelekezi wenzake Wolfgang Becker na Dani Levy, wakaanzisha kampuni yao wenyewe, X Filme Creative Pool. Kila mmoja wao alikuwa akihangaika peke yake, na wote walitambua kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Kampuni hiyo ndiyo iliyotoa baadaye Good Bye, Lenin! ya Becker, mwaka 2003, filamu iliyotazamwa kote duniani. Funzo hili halihitaji maelezo marefu. Vijana wetu wenye vipaji aghalabu huviziana na kuoneana kijicho, kila mmoja akitaka kuwa jogoo wa pekee wawikaye katika boma zima.

Lola na dakika 20

Kilicholipeperusha jina la Tykwer kote ulimwenguni ni filamu ya mwaka 1998 iitwayo Lola rennt, maana yake Lola akimbia. Mpango wake ni sahili hata mtoto anaweza kuusimulia. Manni, mpenzi wa Lola, anatumwa na genge la wahalifu kuchukua fedha, naye anausahau mfuko wenye marki 100,000 ndani ya garimoshi. Anampigia Lola simu. Fedha zisipopatikana kabla ya saa sita mchana, Manni ni maiti. Zimesalia dakika 20. Lola anatoka mbio.

Ajabu ya filamu hii ni kwamba mbio hizo tunaziona mara tatu. Mara ya kwanza Lola anakufa. Mara ya pili anayekufa ni Manni. Mara ya tatu wote wawili wananusurika. Tofauti baina ya mbio hizo inatokana na mambo madogo mno: kijana aliye na mbwa kwenye ngazi, mwanamke mwenye kigari cha mtoto, gari linalotoka langoni sekunde moja mapema au sekunde moja baadaye. Hata watu ambao Lola anawapita njiani, maisha yao yanageuka kwa kadiri walivyogusana naye, na tunaonyeshwa mustakabali wao kwa picha za haraka mithili ya kurasa zinazofunuliwa na upepo.

Mwalimu wa fasihi ataitambua hapa sadfa, na ataitambua taharuki. Lakini kwa msomaji aliyelelewa na masimulizi ya bibi kuna kitu kingine cha kutambua. Fanani wetu hawakuwahi kuisimulia hadithi moja mara mbili kwa namna ile ile. Leo sungura alishinda, kesho alinaswa, keshokutwa aliponyoka huku ameacha mkia, kutegemea hadhira iliyokuwepo na jambo ambalo msimulizi alitaka kulifunza. Tykwer alilifanya jambo hilo kwa kamera, kwa picha za katuni zilizochanganywa na picha za watu halisi, na kwa muziki wa midundo ya kasi ambao yeye mwenyewe alishiriki kuutunga pamoja na Johnny Klimek na Reinhold Heil. Muda wote wa filamu ni takriban dakika 80. Mwaka 1999 ilishinda tuzo ya watazamaji katika tamasha la Sundance nchini Marekani.

Baada ya hapo milango iliyokuwa imefungwa ilianza kufunguka yenyewe. Mwaka 2002 alielekeza Heaven, kutokana na mswada ulioachwa na mwelekezi mashuhuri wa Poland, Krzysztof Kieślowski, aliyeuandika pamoja na Krzysztof Piesiewicz. Mwaka 2006 alithubutu kuigeuza filamu riwaya ya Patrick Süskind kuhusu mwuaji mwenye pua ya ajabu, riwaya ambayo wengi waliamini haiwezekani kuonyeshwa kwenye skrini, maana harufu haipigwi picha. Mwaka 2012, akishirikiana na Lana na Lilly Wachowski, alitoa Cloud Atlas, filamu ya hadithi sita zinazoanzia karne ya 19 na kuishia katika mustakabali wa mbali sana, waigizaji wale wale wakibadilika sura na umri kutoka hadithi moja hadi nyingine. Iligharimu takriban dola milioni 100, na haikuleta faida iliyotarajiwa. Wako walioipenda mno na wako walioibeza. Mtu anayepima kazi ya sanaa kwa mauzo pekee atasema ilishindwa. Anayeipima kwa ujasiri atasita kidogo kabla ya kutoa hukumu.

Runinga si mtoto wa kambo

Kuna dhana iliyozoeleka kwamba mwelekezi halisi ni wa sinema, na kwamba runinga ni ya wale waliokosa nafasi huko. Tykwer ameikanusha dhana hiyo kwa vitendo. Tangu Oktoba 2017 tamthilia ya Babylon Berlin, aliyoiandika na kuielekeza pamoja na Achim von Borries na Henk Handloegten, imethibitisha kwamba skrini ndogo ya sebuleni inaweza kubeba mambo makubwa. Vipindi 16 vya kwanza vilikadiriwa kugharimu karibu euro milioni 40, kiasi ambacho runinga ya Ujerumani haikuwa imezoea. Ili kukipata, shirika la utangazaji la umma, ARD, lilishirikiana na kituo cha kulipia cha Sky.

Tamthilia hiyo, iliyotokana na riwaya za Volker Kutscher, inaanza Berlin mwaka 1929. Mhusika mkuu ni inspekta wa polisi, Gereon Rath, aliyerudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia na jeraha la moyo lisiloonekana. Sambamba naye ni Charlotte Ritter, msichana wa familia maskini anayetaka kuwa mpelelezi katika ofisi isiyotaka wanawake. Kando yao umo mji mzima: wafanyakazi wanaoandamana, majenerali wanaonong'ona, matajiri wanaocheza ngoma usiku kucha, maskini wanaolala wanane chumba kimoja, na vijana wenye njaa wanaosikiliza hotuba za chuki kwa sababu hakuna mwingine anayezungumza nao.

Wahusika hao hawajui kwamba mwaka 1933 unawajia. Sisi watazamaji twajua. Twajua kuwa Hitler atatwaa mamlaka, bunge litakuwa muhuri tu, na vitabu vitachomwa hadharani. Kila kicheko chao kwa hiyo kinatuchoma. Mwalimu wa historia anaweza kuwasomea wanafunzi orodha ya sababu za kuanguka kwa Jamhuri ya Weimar, nao wakazikariri na kuzisahau siku ya pili ya likizo. Lakini aliyemwona jirani mwema akiacha kumsalimu jirani yake kidogo kidogo, kipindi baada ya kipindi, amejifunza jambo ambalo halisahauliki: demokrasia huoza kama embe, na uozo huanzia karibu na kokwa, mahali ambapo jicho halifiki.

Nairobi: mwanagenzi anageuka mwalimu

Sasa na tuje nyumbani. Mwaka 2008 Tykwer na mkewe, Marie Steinmann, walianza shughuli zao jijini Nairobi kwa jina la One Fine Day, wakiwa na lengo la kuwapa watoto wa mitaa ya mabanda kama Kibera masomo ya sanaa: kuchora, kucheza ngoma, kuigiza. Kutokana na shughuli hiyo lilizuka wazo la filamu. Tykwer hakuishika kamera mwenyewe. Alimwachia usukani mwelekezi wa hapa kwetu, Hawa Essuman, huku mswada ukiandikwa na Billy Kahora. Filamu hiyo ni Soul Boy, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2010 katika tamasha la Rotterdam. Ni kisa cha mvulana wa Kibera aitwaye Abila, ambaye babake amepoteza roho yake, naye analazimika kutimiza majukumu saba aliyopewa na jini mwanamke ili aikomboe. Ni ngano yetu ya kale iliyovalishwa mabati na matope ya mjini.

Kuanzia mwaka huo, kwa ushirikiano na DW Akademie ya Ujerumani na kampuni ya Ginger Ink ya Nairobi, zilianzishwa warsha zilizowaleta pamoja vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Walifunzwa uelekezi, uandishi wa miswada, upigaji picha, uhariri, sauti na usanifu wa mandhari. Utaratibu wake ndio unaostahili kuzingatiwa: warsha ikiisha, filamu halisi hutengenezwa, na walioketi kama wanafunzi ndio hushika kazi, kila mmoja akiwa na fundi mzoefu pembeni yake. Hivyo ndivyo seremala wetu wa zamani walivyofunza: kijana hushikishwa randa mbele ya ubao wa mteja, na akiharibu, huharibu kitu chenye bei.

Matunda yalionekana mapema. Mwaka 2012 ilitoka Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga, kisa cha Mwas, kijana wa mashambani anayeuza filamu za kunakiliwa na kuota kuwa mwigizaji. Anaingia jijini, anaporwa siku ya kwanza, na usiku anaishia kuwa mwizi wa vipuri vya magari huku mchana akifanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza. Joseph Wairimu, aliyeigiza nafasi hiyo, alitwaa tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Durban, nayo filamu ikawa ya kwanza kuwasilishwa na Kenya kushindania Tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Zikafuata Something Necessary ya Judy Kibinge mwaka 2013, kuhusu majeraha ya ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Veve ya Simon Mukali mwaka 2014, kuhusu biashara ya miraa na siasa zake. Kati Kati ya Mbithi Masya mwaka 2016, iliyopewa tuzo ya wahakiki wa kimataifa huko Toronto. Supa Modo ya Likarion Wainaina mwaka 2018. Na Lusala ya Mugambi Nthiga mwaka 2019.

Isitoshe, Tykwer alipokabidhiwa sehemu za Nairobi katika tamthilia ya Sense8 iliyoanza mwaka 2015, alilipiga picha jiji letu kwa jicho la mtu aliyekwisha kulizoea. Ndani yake yumo dereva wa matatu anayehangaika kutafuta dawa za mamake mgonjwa wa UKIMWI.

Cha mgeni na cha mwenyeji

Hata hivyo, tusishangilie kabla ya kuuliza. Wapo wahakiki wanaosema kwamba fedha zikitoka Ujerumani, macho nayo hutoka huko huko. Wanauliza kwa nini filamu za mwanzo zilipiga kambi katika mabanda na uhalifu, kana kwamba Nairobi haina mwalimu anayesahihisha madaftari usiku, wala karani anayegombana na mkewe kuhusu karo, wala bibi harusi mwenye hofu. Wanahoji pia kwamba mgeni akiamua kufunga mkoba wake, mradi mzima utakufa kifo cha samaki aliyetolewa majini. Cha kuazima, wahenga walikwisha kutuonya, hakisitiri matako.

Hoja hizo zina uzito, na haifai kuzipuuza. Yeye mwenyewe, inaelekea, hazipuuzi. Filamu yake Das Licht, iliyofungua tamasha la Berlin mwezi Februari 2025, inasawiri familia ya Berlin iliyosambaratika, ambamo mama anahangaikia mradi wa maendeleo nchini Kenya ilhali watoto wake mwenyewe hawajui wa kuwasikiliza. Mtu anaweza kuitazama filamu hiyo kama Mzungu anayejiuliza mbele ya kioo: ninasaidia kwa ajili yao, au kwa ajili ya utulivu wa nafsi yangu?

Lakini upande wa pili nao una haki yake. Kwanza, waelekezi wa filamu nilizozitaja ni wa kwetu, na majina yao ndiyo yaliyoandikwa mwanzoni. Pili, kadiri miaka ilivyosonga ndivyo visa vyenyewe vilivyopanuka. Kati Kati inahusu wafu wasiojua wamekufaje, wakiwa katika nyumba ya wageni iliyo nyikani. Supa Modo inahusu kijiji kinachoungana ili msichana mgonjwa asiye na muda mrefu wa kuishi ajione kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Hakuna banda wala bunduki humo. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, mgeni alilijaza pengo alilolikuta wazi. Lau tungekuwa na vyuo vya kutosha vya kufunza kazi hii kwa mikono, lau runinga zetu zingelitenga fungu la maana kwa ajili ya tamthilia za maana badala ya kununua michezo ya kigeni kwa bei ya bure, asingekuwa na cha kujaza. Aibu, ikiwa ipo, ni yetu kwa kuiacha nyumba bila kuezeka tukingoja mpita njia aje na nyasi.

Yanayowahusu walimu

Mtaala mpya umeleta mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika shule za sekondari ya juu, na kundi la kwanza la Gredi ya 10 lilianza masomo yake mwaka 2026. Vilevile, tamasha letu la kitaifa la drama shuleni limekwisha kufungua mlango kwa filamu. Fursa basi ipo kwenye karatasi. Hatari iliyopo ni kwamba sanaa itafunzwa jinsi tulivyozoea kufunza mengine yote: mwalimu ataandika ubaoni maana ya uelekezi, wanafunzi watanakili, na mwisho wa muhula wataulizwa wataje sifa tano za mwelekezi bora. Hakuna mwelekezi aliyewahi kuzaliwa kwa njia hiyo.

Historia ya Tykwer yatufundisha njia nyingine. Mtoto wa miaka 11 alipewa kamera, akaachwa aharibu. Leo simu moja ya mwalimu ina kamera inayozidi kwa mbali ile aliyoanzia yeye. Wanafunzi watano, simu moja, na kisa kimoja cha dakika tatu kutoka kijijini mwao vyatosha kuanzia. Wakimaliza, wakae pamoja na kuitazama kazi yao mara tano, kama mwendesha mtambo, wakijiuliza ni wapi wenzao walichoka na kwa nini.

Walimu wa Kiswahili nao wana shamba lao hapa. Wahusika wa Nairobi Half Life huzungumza Kiswahili, Sheng na Gikuyu, wakihama kutoka lugha moja hadi nyingine kwa kutegemea wako na nani na wanataka nini kwake. Wako watakaokunja uso wakidai lugha inaharibiwa. Maoni ya mwandishi huyu ni kwamba mada ya isimujamii, ambayo wanafunzi wengi huiogopa, isingekuwa na mfano bora zaidi wa sajili na ubadilishaji msimbo. Sharti tu mwalimu achague kwa busara, kwani filamu hiyo ina ukatili na matusi yasiyowafaa watoto wadogo. Kwa hao Supa Modo yafaa zaidi, mradi wawe na leso.

Kwa wanafunzi, nina neno la tahadhari. Asije mtu akakifanya kisa hiki kisingizio cha kuyatupa madaftari, akisema hata Tykwer hakusomea uelekezi chuoni. Tykwer hakuikimbia elimu. Aliifuata mpaka mahali ambapo wengine hawakufikiria ingeweza kupatikana. Kati ya siku aliyoanza kupiga filamu za utotoni na mwaka ambao Lola alimtoa gizani ilipita miaka zaidi ya 20. Humo mlikuwa na usiku mwingi wa kijichumba cha giza, madeni ya Epilog, na filamu ambazo hazikumwingizia fedha za kujivunia. Anayetamani ya ishirini na kuikwepa hiyo kumi na tisa iliyotangulia anajidanganya.

Na kwa wale ambao barua ya chuo haikuwafikia mwaka huu, hasara yenu ni ya kweli na hapana haja ya kuipaka rangi. Lakini anayenyimwa kiti ndani bado ana macho. Tazameni nani anafanya kazi mnayoipenda, mwombeni awaruhusu kufagia chumba chake cha kazi, na mkiwa mnafagia msiangalie sakafu tu.